Ampu ya Kupakata: Kutoka Namba Nane Hadi Namba Moja

Kipimo changu ni kimoja: mapaja. Panda basi pale Lamadi, gitaa likae katikati ya magoti, ampu uipakate kama mtoto wa kaka yako. Kilomita 70 na ushei hadi Bariadi. Ukishuka stendi na miguu bado ni yako, hiyo ni ampu ya kazi. Ukishuka unachechemea, hiyo ni fanicha, kaiweke sebuleni.

Mjomba wangu, ambaye ndiye mpiga besi wetu, anasema kipimo hicho si cha haki kwa sababu kinawapendelea wenye mapaja. Nimemjibu kwamba mwembamba ndiye anayehitaji ampu nyepesi kuliko wote, kwa hiyo aketi asikilize.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu neno jazz. Huku kwetu neno hilo ni la siku nyingi na limekwisha kuota mizizi. Dar es Salaam Jazz Band ilianza 1932, Morogoro Jazz 1944, wakaja Kilwa, Western, Tabora, Nuta, Vijana. Zote zilipiga dansi, gitaa la solo likiwa mbele. Kwa hiyo anayepiga oktava za Wes Montgomery kwenye hoteli ya Mwanza na anayepanda chemko kwenye baa ya Maswa, mimi nawahesabu ukoo mmoja. Wote wawili wanataka sauti safi, ya mviringo, isiyokwaruza hata ukiipandisha, kila noti isimame kwa miguu yake. Sauti hiyo ndiyo tunayoitafuta, ila kwa kilo chache.

Haya, tunashuka.

8. Majitu

Roland JC-120 ilitoka mwaka 1975: spika mbili za inchi 12, wati 120, kilo 28. Fender Twin Reverb nayo uzito wake ni huo huo au inazidi kidogo. Sauti ya JC ni safi kama maji ya mtungi asubuhi, na wapigaji wa dunia nzima huikuta imewasubiri jukwaani. Imewasubiri! Hapo ndipo penye utamu wake. Nazipenda sana ampu hizi zikiwa zimeshafika.

Mjomba: "Mpwa, hiyo ukiipakata, mzigo ni wewe."

7. Valvu ndogo

Hapa moyo unauma. Charlie Christian alipojiunga na Benny Goodman mwaka 1939, alikuwa na gitaa la Gibson na ampu ya Gibson EH-150, wati zipatazo 15, umbo kama sanduku la safari. Kwa wati hizo alikaa sambamba na klarineti na vibrafoni, na dunia ikajua kwamba gitaa linaweza kusimama mbele kama tarumbeta. Gitaa la jazz la umeme lilikulia ndani ya kitu cha kupakata! Na valvu ina hulka ambayo hakuna aliyeichoka: ukizichapa nyuzi kwa nguvu, sauti inanenepa badala ya kupasuka.

Sasa ipeleke Meatu. Valvu ni kioo chenye nyuzi za moto ndani, na kioo na bodaboda havijapata kuwa marafiki. Jenereta ikipanda na kushuka, nayo inapanda na kushuka. Ikiungua, utazunguka maduka ya Bariadi yote ukiuliza valvu, na wauzaji watakuonyesha za tairi.

6. Sabufa ya sebuleni

Kila kijana anayeanza gitaa ameshaichomeka. Ni nyepesi, ipo, na haifai.

Nieleze, maana watu wananuna nikisema hivi. Uzi mnene wa gitaa ukiwa wazi unatetemeka mara 82 kwa sekunde. Lakini utamu wa solo hauko huko chini wala huko juu kabisa. Uko katikati, pale inapokaa pia sauti ya binadamu akizungumza. Sabufa imetengenezwa isukume chini, na vile vispika vyake viwili vipige juu. Katikati, kwenye makazi ya gitaa, pamebaki uwanja mtupu. Unapandisha sauti, kuta zinatetemeka, solo haionekani.

Sasa kumbuka redio ya mkulima, yenye spika moja ndogo, imetundikwa kwenye mti pembeni ya shamba la pamba. Haina besi ya kutisha. Lakini ukipigwa wimbo wa Mbaraka Mwinshehe, gitaa lake unalisikia noti kwa noti ukiwa na jembe mkononi. Redio ile ilikuwa katikati tupu, na dansi letu limekulia humo. Fundi yeyote anayetaka kukutengenezea spika ya gitaa, mwambie akaanzie kwenye redio ile.

5. Ya magurudumu

Ile ya kuchaji, yenye mpini wa kuvuta, taa za rangi na maiki zisizo na waya. Utaikuta mnadani, utaikuta kwenye mkutano wa injili, utaikuta kwa muuza dawa ya panya. Kwa dawa ya panya haina mpinzani, panya wenyewe wanaisikia.

Boksi limeandikwa wati 3000. Ndugu yangu, birika la umeme linalochemsha chai ya watu kumi linakula kama wati 2000. Betri iliyomo humo ndani ukubwa wake ni tofali, na haiwezi kutoa wati 3000 kwa muda wa kunywa hiyo chai. Usibabaike na namba. Ukiongeza wati mara mbili, unapata desibeli 3 tu, ambazo sikio linaziona kama mtu aliyesogea hatua moja. Ili sauti isikike maradufu unahitaji wati mara kumi hivi. Wati 20 za kweli zina heshima kuliko 3000 za kwenye boksi.

Na usipeleke gitaa humo kwa bluutuu. Sauti inachelewa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, vidole vinafika Bariadi na masikio bado yako Ngulyati. Tumia waya.

Sifa yake moja naikubali kwa mikono miwili: umeme ukikatika, yenyewe inaendelea.

4. Kuingia moja kwa moja kwenye mikisa

Hapa hakuna ampu kabisa. Kipedali kimoja kinachoiga ampu na spika yake, hakifiki hata kilo moja, kinakaa mfukoni mwa begi la gitaa. Unachomeka kwenye mikisa ya ukumbi, basi. Kwa upande wa mapaja huu ni ushindi. Kwa mpigaji ni kuikabidhi sauti yako mikononi mwa mtu mwingine.

Nilikuwa kwenye harusi, msimu wa pamba umemalizika vizuri, watu wana furaha na wana hela. Sikubeba ampu. Spika za ukumbi ziliwatazama wageni, sisi tuko nyuma yake, na nilichokisikia kilikuwa ngoma za mpiga dramu na nyuzi zangu zikilia kavukavu. Bibi harusi akaingia. Fundi mitambo akashusha chaneli zetu zote ili apandishe wimbo uliokuwa kwenye simu. Alipoturudisha aliwarudisha mwimbaji, besi na kinanda. Mimi alinisahau. Ilikuwa zamu ya solo, solo niliyoifanyia kazi wiki tatu, na nimeipiga yote mpaka mwisho. Mtoto mmoja wa miaka kama sita alikuwa amesimama karibu nami, akainamisha sikio kwenye gitaa. Huyo ndiye aliyeisikia.

Iliniuma, na bado inaniuma, si kwa sababu ya sifa. Mpiga dramu hahitaji ruhusa ya mtu ili asikike. Tarumbeta halihitaji. Gitaa la umeme bila ampu yake ni mwimbaji aliyezibwa mdomo.

Jambo hili lina historia. Nuta Jazz ilipoundwa mwaka 1964, vyombo vilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi na wanamuziki wakawa waajiriwa wa mshahara. Bendi nyingi za mashirika zikafuata njia hiyo, na ililea muziki mkubwa ambao tunaupiga mpaka leo, siwezi kuibeza. Ila ndiyo maana kwenye dansi letu neno "mwenye vyombo" lina uzito kuliko neno "mwenye bendi". Mwenye vyombo ndiye anayesema tunawasha saa ngapi na tunazima saa ngapi. Mpigaji akihama, anahama na vidole. Nikiona kijana wa Itilima ananunua ampu yake ndogo kabla ya kununua viatu vya jukwaani, natamani kumpigia saluti.

Kwenye ukumbi mzuri wenye fundi makini, ingia kwenye mikisa bila hofu. Lakini weka ampu ndogo miguuni pako, iwe sikio lako.

Mjomba: "Na fundi mitambo mpe soda mapema. Soda ndiyo chaneli ya kwanza."

3. Za betri za dukani

Roland Micro Cube, spika ya inchi 5, wati 2 au 3 kutegemea toleo, uzito kama kilo 3. Inakula betri sita ndogo za AA, zile zinazouzwa kila kioski kuanzia Nyashimo hadi Mwanhuzi. Dada yake Cube Street ana spika mbili za inchi 6.5, wati 2.5 kila upande, kilo 5 na kidogo, na tundu la maiki juu yake. Mtu mmoja, gitaa moja, chini ya mwembe, umemaliza.

Ni ampu za mazoezi, kanisa dogo, kikao cha jioni, chumba cha kupanga ambacho jirani analala mapema. Nazipenda jinsi unavyompenda mtu asiyekusumbua.

Ila usizipeleke penye ngoma. Bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, haina soketi, haina betri, haina waya. Wachezaji wanaingia na majembe, kundi la Bagika huku, la Bagalu kule, na ngoma ile unaisikia ukiwa bado unatafuta njia ya kufika. Kupeleka wati 2 pale ni kwenda na kijiko penye majembe.

Na kwa kuwa tumefika uwanjani, sijamaliza. Kabla ya yote haya Msukuma alikuwa na ndono: upinde, uzi mmoja, kibuyu. Mzee mmoja alinikalisha akanionyesha. Uzi peke yake, bila kibuyu, ulitoa sauti ya mbu. Akakiweka kibuyu, mdomo wake ukaelekea kifuani, akakisogeza kidogo, sauti ikafunguka. Akakirudisha, ikaziba. Fungua, ziba, fungua, ziba, uzi ukawa unazungumza. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake na niliusikia uzito wa sauti tumboni. Kabati la spika, na kitufe cha kubadilisha sauti, vyote vya kibuyu, na uzito wake hauzidi embe dodo tatu. Mpiga gitaa yeyote wa Simiyu anayesema hana wa kujifunza kwake, akamtafute mpiga ndono kabla hajachelewa.

2. Wenyewe wa jazz

Hapa sasa tuvue kofia. Henriksen Bud ya Marekani: wati 120, spika ya inchi 6.5, kilo 7.7. AER Compact 60 ya Ujerumani: wati 60, spika ya inchi 8, kilo 6.5. DV Mark Little Jazz ya Italia: wati 45, spika ya inchi 8, karibu kilo 7. Zote zinapakatwa. Zote zina ile sauti ya mviringo. Ukifunga macho hutajua kwamba inatoka kwenye kitu cha ukubwa wa ndoo.

Uzito wa ampu umeenda wapi miaka hii? Umetoka sehemu tatu, ingawa si kila ampu nyepesi imezifuata zote. Kwanza, ampu za daraja D. Za zamani zilipoteza umeme mwingi kuwa joto, zikahitaji mabati mazito ya kupozea. Za daraja D zinaiwasha na kuizima transista mara laki kadhaa kwa sekunde, na transista iliyofunguka kabisa au iliyofunga kabisa haipati joto kubwa, hivyo bati linapungua. Pili, ile transfoma ya chuma imeondoka, ikaingia pawa saplai iliyo ndugu wa chaja ya simu. Tatu, sumaku ya spika: ya neodimiamu inafanya kazi ya feriti ikiwa na sehemu ndogo tu ya uzito wake. Mjomba alipoelezwa haya alikaa kimya, halafu akauliza kwa nini besi wanaichelewesha. Hawajaichelewesha, mjomba, za besi zipo. Ni wewe hujataka kuachana na lile kabati lako.

Onyo moja, na nalisema kwa sauti. Binamu akikuletea ampu kutoka Marekani, usiichomeke kwa furaha. Igeuze, soma nyuma. Kwetu umeme ni volti 230, kwao 120. Ikiandikwa 100 hadi 240, Mungu mkubwa, chomeka. Ikiandikwa 120 peke yake, inahitaji transfoma ya kushushia, na transfoma hiyo inaweza kuzirudisha zile kilo zote ulizozikimbia. Nimeiona moja ikifa hapa Bariadi mbele ya macho yangu. Ilisema "tap", ikatoa harufu ya plastiki na karatasi, kisha kimya. Aliyeileta alikuwa bado ameshika boksi.

Kwa nini ni ya pili basi? Bei. Ngosha, yaani Msukuma, habadilishi bei kwenda dola, anaibadilisha kwenda ng'ombe, na baba yangu alipomaliza hesabu hiyo alitazama zizi, akanitazama mimi, akarudi kutazama zizi. Na ikiharibika, vipande vyake ni vidogo kama punje za ulezi, na fundi wa kuvigusa yuko safari ndefu.

1. Sanduku la Bariadi

Namba moja haina nembo. Imetengenezwa na seremala, fundi redio na mpiga gitaa wakiwa wamekaa meza moja, na mimi nilikuwa mmoja wa watatu hao.

Plaiwudi ya milimita 12. Usikubali mninga, seremala atakushawishi kwa uzuri wake na mgongo utalipa. Sanduku la sentimita 35 kwa 30 kwa 25. Ndani, spika ya gari ya inchi 8 yenye ohmu 4, ile inayopiga katikati, uimbaji na magitaa, si ile ya besi. Nyuma yake bodi ndogo ya daraja D, inatosha kwenye kiganja. Mbele ya bodi, kipedali cha kukuza sauti ya gitaa, maana pikapu haina nguvu ya kuisukuma bodi moja kwa moja na ukiilazimisha sauti inakuwa nyembamba na ya kinyonge. Wengi wanakwama hapo, wanailaumu spika bure.

Umeme wake ndio ulionifanya nicheke kwa furaha. Chaja ya kompyuta ya mkononi, volti 19, ipo kila duka la mafundi na inakubali umeme wowote kati ya volti 100 na 240. Kwa ohmu 4 inakupa wati kama 45. Umeme ukikatika, unachomoa chaja, unachomeka betri ya bodaboda, volti 12, unapata kama wati 18. Umepoteza desibeli 4 tu! Wacheza dansi hawajui kama kuna kilichotokea. Betri ya saa-ampea 7 ukiitumia nusu, unapiga saa nne hivi, na mwenye bodaboda aliyekuleta umeshamlipa asubiri, betri yake iko jukwaani, haendi popote.

Spika hatukuipata mara ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa na ukali wa sufuria. Fundi redio akakata duara la kitambaa kizito, akalibandika mbele ya koni, katikati, ukali ukalala. Nyuma ya sanduku tukatoboa tundu, sauti ikawa kubwa lakini ya pipa. Tukaliziba nusu kwa kiganja, ikakaa. Seremala akasema tuweke kibao cha kuteleza, ili kila ukumbi tuamue upya kiasi cha kufungua. Nilimtazama, nikamkumbuka yule mzee na kibuyu chake, nikamwambia aweke.

Siku lilipokamilika tulitaka kujua uzito, na mzani uliokuwa karibu ulikuwa wa chama cha msingi, wanapima pamba. Tukapanga foleni. Mbele yetu vijana na mkokoteni, nyuma yetu mama mmoja na marobota yake mawili. Ilipofika zamu yetu karani akauliza hiyo ni pamba ya wapi. Mjomba akajibu, "Hii imeshachambuliwa." Likatundikwa. Kilo 6 na gramu 900, bila betri.

Zamu ikawa ya mama wa marobota, akatundika la kwanza. Akasema, "Haya, tuisikie basi, si mmetuchelewesha." Tukaazima betri kwenye pikipiki moja, mjomba akashika funguo akalegeza nati mwenyewe, nikakaa juu ya robota la mtu, sanduku miguuni, kibao cha nyuma nusu wazi. Nikaanza rumba polepole. Karani akaacha kuandika. Mkokoteni ukaegeshwa. Mjomba hakuwa na besi lake pale, akawa anapiga mistari yake kwa mdomo, na mama yule akaanza kuyumba, robota lake la kwanza bado linaning'inia mzanini.